Hewa Uliyoisahau Ndani ya Dayodi

Rukia,

Sikuulizi hali, maana jibu lake siliwezi. Nakupa habari moja kwa moja, kama ulivyozoea kuja mezani kwangu na kuanza maneno katikati: umekosea. Ile dayodi yako ya kupimia mionzi, ile uliyoichezea mduara chumba kizima siku ilipokubaliana na kompyuta, ilikuwa inadanganya. Umesikia? Konsolata wa Murukulazo ndiye anayekwambia, na anakwambia huku anacheka na machozi yanamtoka, kwa sababu kosa lenyewe ni zuri mno.

Mume wangu nimemsimulia zaidi ya mara moja. Anaitikia "enhe, enhe" huku anatafuta chaja ya simu. Mama yangu nilimpigia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huku tumepata mvua. Mtu wa kupanda juu ya kiti kwa habari kama hii alikuwa mmoja tu. Basi tulia nikusimulie, na usinikatize.

Nitaanzia mbali kidogo. Najua unayajua haya yote, lakini nikianzia mbali nakaa na wewe muda mrefu zaidi. Biharamulo, kidato cha kwanza, bwenini. Wewe ulikuwa mtoto wa duka la vitambaa, ukoo uliokuja na mizigo kutoka pwani tangu enzi za babu wa babu yako, na Kiswahili chako kilinyooka mpaka walimu wakawa wanajichunga mbele yako. Mimi ni mjukuu wa watu waliovuka kutoka Burundi na mikeka kichwani wakapewa shamba Murukulazo, na Kiswahili changu kilikuwa cha daftari. Usiku wa kwanza nikasema "nataka kurala." Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Halafu ukaniona nimenyamaza, ukaja ukanipa shuka lako, ukasema, "Haya lala, na ukitaka kurara pia rara." Tangu siku hiyo sikuwahi kukaa dawati moja na mtu mwingine.

Tulisoma fizikia kwa ubishi. Wewe hukuwa na subira ya kuhakiki jibu, mimi sikuwa na ujasiri wa kuliandika. Wewe ukisema "ndiyo" mimi nilisema "una hakika?" na kwa namna hiyo tukavuka mitihani yote, tukavuka chuo, tukaishia hospitali moja, kitengo kimoja, chumba kimoja chenye dirisha lisilofunguka. Watu walidhani tumepanga. Hatukupanga, ila hatukujua namna nyingine ya kuishi.

Kisha ikaja mashine mpya ya mionzi na ile kazi ya miale myembamba. Unakumbuka tulivyoigombania. Mashine ile inaweza kuubana mwale wa eksirei ukawa mwembamba kama ukucha wa kidole kidogo, ukauchoma uvimbe mdogo kichwani bila kuwaunguza majirani zake. Lakini kabla hujamlaza mgonjwa ni lazima ujue mwale huo unatoa dozi kiasi gani, na hapo ndipo vipimio vyetu viwili vilipogombana. Chemba, uliyoipa jina la Mama Mkubwa, ni kijikombe kilichobeba hewa. Mionzi ikipita kwenye hewa hiyo, umeme kidogo unazaliwa nasi tunauhesabu. Ni mkongwe wa kazi, na kwenye miale mipana hakosei. Dayodi, Kitindamimba wako, ni kipande cha silikoni kisichozidi punje ya ulezi. Tuliwashusha mmoja mmoja ndani ya tangi la maji chini ya mwale uleule, na Kitindamimba akasoma juu, Mama Mkubwa akasoma chini.

Ukimwamini anayesoma chini kupita kiasi, utadhani mashine ni dhaifu, utamwongezea mgonjwa mionzi na kumuunguza. Ukimwamini anayesoma juu kupita kiasi, utapunguza, na uvimbe utaendelea kula. Bosi wetu, Mzee Rutagwa, aliangalia namba zetu, akavua miwani, akasema, "Mashahidi wawili wakipingana, kesi haiendi." Akatoa amri kwamba hakuna mgonjwa wa mwale mwembamba mpaka mashahidi wakubaliane.

Mimi nilikuwa upande wa Mama Mkubwa kwa sababu ya heshima ya umri. Wewe ulikuwa upande wa Kitindamimba kwa sababu, ulisema, kitu kidogo kipimwe na kitu kidogo. Ndipo tukaingia kwenye kompyuta. Tuliieleza kipimio kizima, tabaka kwa tabaka, hiki plastiki, hii silikoni, haya maji, halafu tukaiambia irushe mionzi ya bandia, chembe moja moja, na kwa kila chembe irushe kete: ipite au igongane, igeuke au ife. Chembe moja haisemi kitu. Ukirusha mamilioni kwa mamilioni, ukweli unaanza kujitokeza. Tuligawana kazi. Mimi niliijenga chemba ya bandia, wewe ukaijenga dayodi ya bandia, na kompyuta ile ilinguruma mchana kutwa huku sisi tunaombea umeme usikatike.

Majibu yako yalitoka kwanza. Kitindamimba hahitaji kusahihishwa hata chembe. Anachosoma ndicho kilichopo. Mduara ukachezwa, kiti kikapandwa. Yangu yalitoka baadaye na yakaniumbua: Mama Mkubwa ni mkubwa mno kwa mwale ule, sehemu yake moja imekaa kwenye mwanga na nyingine kwenye kivuli, naye anatoa wastani wa vyote viwili. Ana haki ya kusoma chini. Ukaniambia, "Konso, mzee wako ana shibe ya zamani." Nikakubali kushindwa. Nilikununulia chipsi na mishikaki, ukala na sahani yangu.

Wiki ile ilikuwa ya Idi, ukapanda basi kwenda nyumbani.

Lusahunga. Pale malori ya Rusumo yanapopanga mstari. Dereva wa lori alisema breki zilimgomea. Siandiki zaidi ya hapo, Rukia, mkono haukubali.

Uliondoka ukiwa mshindi. Kwa muda mrefu hilo ndilo lililonifariji, kwamba wiki yako ya mwisho ulikuwa na furaha ya kuniaibisha mimi.

Mengi yamebadilika. Meza yako anakaa binti mmoja mpole kutoka chuoni, hasemi kitu mpaka aulizwe, na kila asubuhi nakumbuka jinsi ulivyokuwa huwezi kunyamaza hata ukiwa na chapati mdomoni. Dirisha limetengenezwa, sasa linafunguka. Mimi nimeolewa. Kila nikienda Murukulazo nateremka kwanza Biharamulo kwa mama yako, nalala kwenye kitanda chako, naamka na kunywa uji wake wa pilipili manga. Watu bado wanamwita Mama Rukia. Wengine walijaribu kumwita kwa jina la mdogo wako, hakuitika.

Ni kwenye ziara moja ya namna hiyo nilipoona kitu kisicho sawa. Wateja wa kijiji cha Nyarubungo walijaa dukani, na mwanamke mmoja alisimama upande wa kushoto wa mama yako, amenyoosha kitambaa, anangoja. Mama yako akamhudumia kila mtu isipokuwa yule. Nilidhani wamekosana. Baadaye, tulipobaki wawili, akaniambia kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya sukari, "Mwanangu, upande huu dunia imeshushiwa pazia." Alikuwa ameuficha ugonjwa ule kwa miezi. Alikuwa anatambua rangi za vitenge kwa kuvipanga rafuni kwa mpangilio anaoujua peke yake, ili mkono uende bila jicho.

Nilimchukua nikaja naye. Uvimbe, Rukia. Mdogo, usio na haraka, lakini umeegemea neva ya jicho, mahali ambapo kisu hakiwezi kufika bila kuvunja kitu. Daktari alisema kuna dawa moja tu ya maana, mwale mwembamba, na dozi yake iwe sawasawa. Pungufu, uvimbe unabaki na unamaliza macho. Zaidi, mionzi yenyewe inayamaliza. Foleni ya kwingine wanakofanya kazi hiyo ilikuwa ndefu kuliko muda ambao jicho lake lilikuwa nao. Mashine ilikuwa kwetu, mita chache kutoka meza yangu, na ilikuwa imefungwa kwa amri kwa sababu mashahidi hawajakubaliana.

Mama yako aliuliza swali moja tu: "Nikipofuka, Konso, nitauza nini? Giza?" Akacheka, nami nikacheka. Nikaenda chooni nikalia.

Nilirudi kwa hasira kwenye namba zetu, ambazo tangu uondoke hakuna aliyezigusa. Nilichukua usomaji wa Mama Mkubwa, nikausahihisha kama kompyuta ilivyosema. Nikachukua wa Kitindamimba, nikauacha kama ulivyo, kwa sababu wewe ulisema hahitaji. Kama kompyuta inasema kweli, viwili hivyo vilipaswa kukutana. Havikukutana. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa kubwa kuliko ambavyo neva ya jicho inavumilia. Maana yake mmoja wetu alijenga kipimio cha uongo. Niliikagua kazi yangu kwanza, nikaikagua tena, nikampa binti mpole aikague. Haikuwa na tatizo.

Nikwambie nilivyojisikia? Sikutaka kuigusa yako. Ningeona kosa ningekunyang'anya ushindi, na wewe huna namna ya kunijibu. Niliwahi kuifungua na kuifunga bila kusoma. Halafu nikafikiria lile pazia linavyoshuka, nikaona aibu, nikasoma. Nilitafuta kwenye silikoni, uzito wake ulikuwa sahihi. Nilitafuta kwenye vipimo vya kila tabaka, vyote vilikuwa sahihi. Picha uliyoichora ilikuwa safi. Sikuona kitu, na Pasaka ikafika, nikaenda nyumbani nikiwa nimenuna.

Mama yako alikuwa amerudi dukani kungoja tumwite. Nilimkuta anapima kitenge cha mteja kwenye ile rula ya mbao iliyopigiliwa mezani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, vidole vyake vinasoma ukingo wa rula. Akafika mwisho wa kipimo. Kisha, kabla ya kukata, akasogeza mkasi kidole kimoja mbele. Amefanya hivyo maisha yake yote, nimemwona tangu nikiwa na sare ya shule. Mteja akasema ahsante, na yeye akajibu lile neno lake, "Kipimo bila nyongeza ni cha mchoyo."

Rukia, nilisimama pale mlangoni na begi langu begani.

Wewe ni mtoto wa mwanamke huyu. Uliweka nyongeza kwenye kila kitu. Sukari kwenye chai, chumvi kwenye maharage, nusu saa kwenye miadi. Na nikakusikia kabisa, kama uko nyuma ya marobota, ukinieleza jinsi unavyopanga matabaka ya dayodi ili kompyuta isilalamike kwamba yamegusana: "Nimeyapa nafasi kidogo yapumue." Kidogo! Kidogo cha nyumba yenu. Kila tabaka ulilipa kidole chake cha baraka kabla ya kuweka linalofuata. Kila nafasi peke yake ni nyembamba, lakini ukizijumlisha zinafika unene wa sarafu. Na kompyuta ikikuta mahali ambapo hujasema pana nini, haiulizi. Inajaza hewa. Kwenye picha hewa haina rangi, kwa hiyo mimi na macho yangu mazima sikuiona.

Nilianza kucheka. Mama yako akadhani nalia, akaacha mkasi, akaja ananipapasa uso. Nilimwambia, "Mama, Rukia ameweka nyongeza kwenye dayodi." Akasema, "Mungu amlipe." Hakujua dayodi ni nini, lakini aliona nyongeza haiwezi kuwa jambo baya.

Nilifungua kompyuta yangu juu ya meza ya vitambaa, katikati ya khanga na mashuka. Nikaziba nafasi zote, nikairudisha mionzi ya bandia ianze upya. Kompyuta ndogo kama ile inachukua muda, namba zinayumbayumba mwanzoni kisha zinatulia kidogo kidogo. Mama yako, huku anahudumia mteja, anauliza, "Imeiva?" Namjibu, "Bado inachemka, Mama." Wateja nao wakaanza kuuliza. Mzee mmoja aliyekuja kununua sanda akakaa kwenye stuli kungoja matokeo, bila kujua ni ya nini. Nilitaka kufunua kila dakika, mama yako akanikataza, "Sufuria haiivi kwa kuchunguliwa."

Ilipoiva, Kitindamimba alikuwa anasoma juu. Silikoni ni nzito kuliko maji, inakamata zaidi ya haki yake, na kwenye mwale mwembamba uchu huo unaonekana. Nikatoa kile alichozidisha. Nikaweka jibu karibu na jibu la Mama Mkubwa.

Wamekutana, Rukia. Mashahidi wamekubaliana. Nilipiga kigelegele katikati ya duka la Waislamu siku ya Ijumaa Kuu, mimi Mkatoliki niliyefunga, na yule mzee wa sanda akapiga makofi.

Sasa tulia, maana bado. Nilikuwa ndani ya basi, tumepita Lusahunga, ambapo kawaida nafumba macho. Safari hii sikufumba, nilikuwa nafikiri. Kama hewa uliyoisahau ilimfanya dayodi wa bandia asome sawasawa, bila kusahihishwa hata chembe, basi nini kingetokea tukimpa dayodi wa kweli hewa hiyohiyo? Silikoni inazidisha, hewa inapunguza. Nyongeza yako ilikuwa inalipa deni la uzito wa silikoni. Uliikosea dayodi iliyopo na kuipatia dayodi ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa. Nilimshika mkono abiria wa jirani, mama wa watu na kuku wake, nikamwambia, "Ni kofia." Akaniambia, "Pole, mwanangu."

Ni kofia kweli. Kofia ndogo ya plastiki, yenye nafasi ya hewa ndani, unamvalisha Kitindamimba kichwani. Kabla hujavimba kichwa, nikwambie na hili: nilipotafuta nikaona wenzetu wa mbali walishaifikiria hila hiyo kabla yetu. Usinune. Wao waliifikia kwa kufikiri, wewe kwa ukarimu.

Kwenye kompyuta nilijaribu unene mmoja baada ya mwingine wa hewa mpaka nikapata unaofaa. Fundi wetu wa karakana aliichonga kofia, akaiharibu, akaichonga tena, akalalamika kwamba anatengenezea kofia mtu asiyeonekana. Tukaishusha ndani ya tangi. Mzee Rutagwa alikuja kusimama nyuma yangu, mikono mgongoni, jinsi anavyosimama akitaka kukataa. Mashine ikapiga. Nikasoma namba. Ilikuwa ileile ya Mama Mkubwa aliyesahihishwa, ileile ya Kitindamimba aliyesahihishwa, na sasa inatoka moja kwa moja kwenye kipimio bila hesabu ya pembeni. Shahidi wa tatu. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza nafasi za hewa alizifikiria nani. Nikamweleza ukweli wote, na duka, na rula, na mkasi. Akasema, "Marehemu alikosea vizuri." Akaenda zake. Nilimsikia anapenga kamasi huko kwenye korido.

Hakuondoa amri siku hiyo. Unamjua. Alitaka na macho ya nje, tukatuma vipimo vyetu kwa wakaguzi wasiotujua wala kutuonea huruma, tukangoja. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko yote, kwa sababu pazia la mama yako lilikuwa halingoji. Alinipigia asubuhi moja akasema ameuza kitenge cha kijani akidhani ni cha bluu, na mteja hakurudisha, jambo lililomuuma zaidi. Majibu ya wakaguzi yalipofika, binti mpole ndiye aliyeyafungua. Alisimama juu ya kiti. Naapa, Rukia, alisimama juu ya kiti chako, yule asiyesema kitu, na mimi sikuweza kumwambia ashuke.

Tukamwita mama yako. Alilala chini ya mashine na kinyago usoni cha kumzuia asitikisike. Kabla hatujatoka nje na kufunga mlango alinishika kidole, akauliza kupitia matundu ya kinyago, "Nani amepima?" Nikamwambia, "Mimi na Rukia." Akasema, "Basi fungeni mlango."

Nilikaa mbele ya skrini. Mwale hauonekani, haulii, hauna harufu. Unaamini namba tu. Sijawahi kuamini kitu na kukiogopa kwa pamoja namna ile, hata kanisani.

Kisha ikawa kungoja tena, maana jicho halirudi siku moja. Kipimo cha kwanza kilionyesha uvimbe haujaongezeka. Cha pili kilionyesha umenywea kidogo. Daktari akasema tusitarajie mengi, neva iliyokandamizwa muda mrefu ina maamuzi yake. Mama yako akarudi Biharamulo. Nikimpigia anasema, "Alhamdulillah," na hilo ndilo jibu lake hata nyumba ikiungua, kwa hiyo sikujua kitu.

Mpaka wiki iliyopita. Nilifika alasiri, akaniambia nimsindikize mahali. Tukapanda njia ya makaburini, tukasimama nje ya uzio, kama wanawake wa kwenu wanavyosimama, maana ndani wanaingia wanaume. Nilishangaa. Tangu alipoanza kuugua hakuwahi kunipeleka huko, na mimi nilidhani ni uchungu. Ndipo aliponieleza. Alisema kwa mwanamke wa kwenu, kuzuru kaburi ni kwa macho tu. Mguu hauingii, mkono haugusi. Pazia liliposhuka alisimama pale siku moja akasoma dua, kisha akagundua hajui anamsomea nani, kaburi lako lilikuwa limepotea kati ya mengine. Alirudi nyumbani, hakupanda tena njia ile. Macho aliyoyalilia hayakuwa ya vitenge, Rukia. Mwaka mzima alikuwa anakuogopa wewe, kwamba ungedhani amekususa.

Nilitaka kumwonyesha, nikainua mkono. Akaushusha. Akasogea uzioni, akageuza kichwa kuelekea kushoto, upande uleule. Alikaa hivyo kwa muda, midomo inatembea. Kisha akaguna kwa hasira, kama anavyoguna mteja akikunja kitambaa vibaya, akasema kwa sauti ya duka zima, "Hivi kaka zake hawaoni? Mbuzi wamelala juu ya mwanangu!"

Walikuwa wawili. Mweusi na wa madoa. Aliniambia rangi zao kabla mimi sijawaona.

Kwaheri, mwenzangu. Mama yangu wa Murukulazo ameniagiza nikusalimie, amesema, "Mwambie Rukia arare pema, Imana imwakire," yaani Mungu akupokee. Nami naweka ahadi, na unajua mimi nikiahidi nahakiki kwanza. Wapo wengine wanaongojea mwale ule. Kila nitakayempima nitampima kama vile ndani ya jicho lake kuna mtoto anayetafutwa. Na Idi nitakuja kusimama uzioni na mama yako, nikusimulie mapya, uyabishie ukitaka.

Mbuzi tumewafukuza.

Wako,
Konso